Comiket Haina Wateja: Mwongozo wa Anayekwenda kwa Mara ya Kwanza

Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Agosti na siku za mwisho za Desemba, wapenzi wa manga na anime hukusanyika Tokyo Big Sight, jengo la maonyesho lililoko Ariake, kando ya Ghuba ya Tokyo. Utalitambua kwa mbali kwa piramidi zake nne zilizopinduliwa, ncha chini, kitako juu. Mkusanyiko huo unaitwa Comic Market, na wenyewe huufupisha wakasema Comiket. Ulianza tarehe 21 Desemba 1975 ukiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700. Desemba 2019, kwa siku nne, mahudhurio yalihesabiwa kufika 750,000. Baada ya janga la korona umekuwa wa siku mbili na idadi inadhibitiwa kwa tiketi, lakini kila siku bado hupokea zaidi ya watu laki moja.

Kinachouzwa humo zaidi ni dojinshi: vitabu ambavyo mashabiki wamevichora au kuviandika wenyewe, wakalipia uchapaji kwa fedha zao, kisha wakaja kuviuza kwa mikono yao. Wengine hutunga visa vipya vya wahusika unaowafahamu kwenye anime. Wengine huleta hadithi zao wenyewe, muziki, michezo ya kompyuta, hata vitabu vya utafiti juu ya reli au mapishi. Kundi la CLAMP, lililotunga Cardcaptor Sakura, lilikulia katika ulimwengu huu wa dojinshi. Kundi la Type-Moon lilileta hapa mchezo wake wa Tsukihime Desemba 2000, kabla mfululizo wake wa Fate haujalieneza jina lake duniani.

Kabla ya mambo ya nauli na mabegi, shika jambo moja. Comiket haina wateja. Waandaaji wake wameshikilia tangu zamani kwamba kila anayeingia ni mshiriki: mwenye meza ni mshiriki, mjitolea anayepanga foleni ni mshiriki, na wewe uliyekuja kutafuta kitabu kimoja ni mshiriki vilevile. Hakuna wa kuhudumiwa wala wa kulalamikiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na huko ndivyo mgeni anavyotazamiwa. Ukiielewa kanuni hii, kila utaratibu utakaokutana nao utakuwa na maana. Usipoielewa, utaona usumbufu mtupu.

Anza miezi kadhaa kabla

Tarehe hutangazwa mapema kwenye tovuti rasmi ya Comiket, ambayo ina kurasa za Kiingereza kwa ajili ya wageni. Msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Japani, kwa hiyo ubalozi ndio mlango wa kwanza wa kubisha. Kumbuka pia kwamba Comiket ya Agosti huangukia karibu na Obon, msimu ambao Wajapani hurudi makwao kuwakumbuka marehemu wao, na ile ya Desemba hukaribiana na Mwaka Mpya. Misimu yote miwili ndege, treni na hoteli hujaa na bei hupanda. Chumba kilipiwe mapema.

Si lazima ulale Ariake kwenyewe. Tafuta hoteli iliyo kwenye mojawapo ya njia mbili za treni zinazofika pale. Njia ya Rinkai inatoka Osaki hadi Shin-Kiba, nawe utashukia kituo cha Kokusai-Tenjijo na kutembea dakika chache. Njia ya Yurikamome inatoka Shimbashi hadi Toyosu, na kituo chake kinaitwa Tokyo Big Sight, mbele ya jengo. Nunua kadi ya treni ya Suica au Pasmo na uijaze fedha za kwenda na kurudi siku moja kabla. Jioni, watu elfu kwa elfu wanapoielekea mashine moja ya tiketi, kadi yako itakupitisha moja kwa moja.

Zamani mtu aliingia Comiket bure. Siku hizi kila mmoja huhitaji tiketi au utepe wa mkononi ulionunuliwa, na tiketi hizo hutofautiana kwa saa: kuna za kuingia mapema, za asubuhi na za mchana. Soma kwa makini masharti ya toleo unalokwenda, kwa sababu hubadilika. Ushauri wangu kwa mgeni: kama hakuna kitabu unachohofia kitaisha, chukua ya mchana. Foleni ya kuingia huwa imepungua, na bado utakuwa na saa za kutosha kabla ya meza kufungwa saa kumi jioni.

Geuza katalogi kuwa ramani

Kila siku hushiriki vikundi zaidi ya 10,000, na kila kikundi hupewa nusu ya meza. Kikundi kinaweza kuwa mtu mmoja tu. La kuzingatia zaidi ni kwamba kikundi huuza siku moja, halafu nafasi yake huchukuliwa na kingine. Aina za kazi pia hugawanywa kwa siku. Ukikosea siku, hutampata uliyemfuata hata ukizunguka hadi jioni.

Anwani ya kila meza iko kwenye katalogi, ya karatasi au ya mtandaoni. Huanza na upande wa jengo, yaani mashariki, magharibi au kusini. Hufuata herufi ya safu, ambayo mara nyingi ni ya kana za Kijapani, kisha namba ya meza, na mwisho a au b kuonyesha ni nusu ipi. Jifunze kuzitambua kana kabla ya safari, kwa kuwa mabango ya safu ndiyo yatakayokuongoza ukumbini. Vikundi vyenye wasomaji wengi hupangwa ukutani, karibu na milango mikubwa, ili foleni zao zitokee nje. Vikundi vidogo hukaa katikati, katika mistari ya meza inayoitwa visiwa.

Siku chache kabla ya tukio, vikundi huweka kwenye mitandao ya X na pixiv picha yenye orodha ya watakavyouza, bei zake na kipi ni kipya. Orodha hiyo huitwa oshinagaki. Itumie kutengeneza orodha yako: jina la kikundi, anwani, kitabu, bei. Iandike kwenye karatasi, kwa maana intaneti ya simu huzorota umati unapokuwa mkubwa. Ipange kwa kufuata ukumbi, usiipange kwa kufuata mapenzi, kwa sababu kutoka upande wa mashariki hadi magharibi au kusini ni mwendo mrefu na njia nyingine hufanywa za upande mmoja. Chagua upande mmoja uanze nao, uumalize, ndipo uhame.

Halafu acha angalau saa moja isiyo na mpango wowote. Ipitishe kwenye visiwa, ukitazama meza baada ya meza. Vitabu vya vikundi vya ukutani mara nyingi utavikuta baadaye kwenye maduka ya dojinshi ya Akihabara au Ikebukuro, mitaa ya Tokyo. Kile kilichochapwa nakala chache na mtu asiyejulikana, hapo ndipo mahali pake, na huenda kisionekane tena.

Pesa taslimu, na iwe ndogo ndogo

Bei nyingi ni za kuhesabika kwa urahisi: yeni 500, yeni 1,000, au kati ya hapo. Beba noti za 1,000 na sarafu za 500 na 100. Noti ya 10,000 iache kwa ajili ya hoteli. Aliyeko nyuma ya meza ni mchoraji mwenye kikopo cha chenji. Wanunuzi wachache wenye noti kubwa wakifululiza, chenji yake inakwisha na kila aliye nyuma yao anasubiri. Hapo unaona ushiriki ulivyo: sarafu ulizozikusanya tangu juzi zinamfaa mtu usiyemjua.

Chenji huchukua siku kadhaa kukusanya. Lipa maji na chakula cha madukani kwa noti kubwa, weka pembeni sarafu unazorudishiwa. Mashine za fedha za maduka ya 7-Eleven hupokea kadi nyingi za nje, lakini zitumie mjini, mbali na Big Sight, na usingoje siku za mwisho za Desemba. Vikundi vingine siku hizi hupokea malipo ya simu ya Kijapani, lakini usiweke tegemeo huko.

Tenga mapema kiasi cha kutumia, ukiweke kwenye bahasha yake. Vishawishi ni vingi, na kila kitabu kinaonekana bei ndogo kikiwa peke yake.

Utunze mwili

Agosti mjini Tokyo joto hufika nyuzi 35 na unyevu huwa mzito. Usijipe moyo kwamba umezaliwa Tanga au Mombasa. Nyumbani kuna kivuli na upepo wa bahari, na hakuna anayesimama saa mbili juu ya lami katikati ya maelfu ya watu. Agosti 2013 iliripotiwa kwamba mvuke wa jasho la waliokuwa ukumbini ulijikusanya ukawa ukungu chini ya dari. Kunywa maji kabla ya kiu, na uyachanganye na kinywaji chenye chumvi kama Pocari Sweat, kwa kuwa maji matupu hayarudishi chumvi inayotoka na jasho. Ukiona kichwa kinagonga, kichefuchefu kinakujia au jasho limekatika ghafla, toka kwenye foleni na umwambie mjitolea aliye karibu. Kuna chumba cha huduma ya kwanza. Anayejikaza mpaka akaanguka hukatiza shughuli za mamia ya watu.

Desemba ni kinyume chake. Upepo wa ghuba hukata, na asubuhi utasimama nje bila kujongea. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito, kwa sababu ndani ya ukumbi kuna joto la watu na utahitaji kuvua. Vipakiti vya kupasha mikono viitwavyo kairo huuzwa kila duka.

Cha kubeba, majira yote:

- viatu ulivyokwisha vizoea, kwani hakuna pa kukaa;
- maji ya kutosha na chakula kikavu, hasa ukila halali tu, maana kukagua viungo vya kila andazi dukani huchukua muda;
- kofia wakati wa kiangazi; mwavuli katika foleni huchoma macho ya wenzako;
- taulo dogo, tishu na dawa zako za kawaida;
- pawabenki iliyojaa;
- mfuko imara wa bega na jalada gumu la kuingiza vitabu visikunjike, kwani vingi ni vya ukubwa wa B5 au A5;
- pasipoti.

Begi la magurudumu liache hotelini. Katika msongamano ule huwa mtego wa miguu ya watu.

Kama mmekwenda wengi, kubalianeni kabla ya kuingia mahali na saa ya kukutana. Msitegemee kupigiana simu.

Foleni ni sehemu ya tukio

Kulala nje ya jengo au kufika usiku ni marufuku, na sababu yake ni usalama na heshima kwa wakazi wa Ariake. Wa mapema kabisa hufika kwa treni za kwanza za alfajiri. Ukifika, wajitolea watawapanga katika mafungu, na fungu zima litasogezwa kwa pamoja. Usitoke kwenye fungu lako bila kumwambia jirani au mjitolea. Nenda msalani kabla ya kujiunga, kwa kuwa huko nako kuna foleni. Mikoba hukaguliwa, basi iwe rahisi kufungua.

Wajitolea hao ni maelfu, na ni mashabiki kama wewe. Fuata wanavyoelekeza hata usipoelewa maneno. Ishara za mikono zinatosha. Kukimbia kumekatazwa kabisa, hata milango ikifunguka. Inapotangazwa kwamba Comiket imefunguliwa, ukumbi mzima hupiga makofi. Piga nawe.

Ndani utakutana na utaratibu ambao sijaona mwingine unaonifurahisha kama huo. Kwenye foleni ya kikundi, mtu wa mwisho hushika bango lililoandikwa saikobi, yaani mwisho wa foleni. Ukifika unasimama nyuma yake, unalipokea bango kwa mikono miwili, unalinyanyua juu, na unalishika mpaka atokee wa kukupokea wewe. Hakuna mlinzi wala fimbo. Foleni ndefu inajilinda kwa watu kupokezana. Angalia tu, maana foleni kubwa hukatwa vipande ili kuacha njia, na bango la kipande cha kati huandikwa kwamba mwisho halisi uko kwingine. Ukilionyesha kwa kidole ukiwa na uso wa kuuliza, mwenye bango atakuelekeza.

Ukiwa mbele ya meza

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati yake hapa. Maneno ya Kijapani karibu yote huishia kwa irabu, na irabu hizo tano unazijua tangu utotoni. Maneno machache yatakufikisha mbali. Ukitaka kufungua kitabu, sema *mite mo ii desu ka*. Ukitaka kununua nakala moja ya kilichoonyeshwa, kielekeze na useme *kore o ichibu kudasai*. Ukitaka kitabu kipya, sema *shinkan kudasai*. Kushukuru ni *arigatou gozaimasu*.

Meza nyingi zina nakala ya kusoma. Iombe, ishike kwa mikono miwili safi, ipitie haraka, irudishe kwa shukrani. Kutonunua si kosa na hakuna atakayekasirika. Kupunguziwa bei, hata hivyo, usiombe. Bei ile mara nyingi hairudishi hata gharama za kiwanda cha uchapaji, na aliyeiandika hana mazoea ya kupatana.

Kikundi kikisema nakala moja kwa kila mtu, chukua moja. Usinunue lundo kwa ajili ya kuuza mtandaoni. Usipige picha meza wala vitabu bila ruhusa, na usipige kurasa za ndani hata kidogo. Dojinshi nyingi zinatumia wahusika wa kampuni kubwa kwa uvumilivu wa wenye haki, na uvumilivu huo unategemea vitabu kubaki mikononi mwa wachache. Ukikitupa kitabu kizima mtandaoni, unamwingiza matatani mtu aliyekuuzia kwa uaminifu.

Vitabu vya watu wazima vipo, na huuzwa kwa waliotimiza miaka 18 tu. Ndiyo maana ya pasipoti. Kwa msafiri wa kwetu kuna jambo la ziada. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imepiga marufuku kuingiza machapisho ya ponografia, nayo haijali kwamba ni michoro.

Kosplei na picha

Comiket ina wavaaji wa mavazi ya wahusika kwa maelfu, lakini utaratibu wake ni mkali. Huruhusiwi kufika wala kuondoka ukiwa umevaa. Unakuja na nguo za kawaida, unalipia chumba cha kubadilishia, unavaa humo, na unavua humo kabla hakijafungwa. Msalani si mahali pa kubadilishia. Sheria za silaha za bandia, urefu wa vifaa na mwili kufunikwa vya kutosha zimeandikwa. Zisome kabla ya kushona vazi, ukiwa bado nyumbani.

Kupiga picha kuna maeneo yake, mengi yakiwa nje. Omba kwanza: *shashin ii desu ka*. Kama kuna foleni ya wapigaji, ingia nyuma. Piga chache, toa shukrani, mpishe anayefuata. Usipige kutokea chini wala kwa kuvizia. Ukitaka kuiweka picha mtandaoni, muulize mwenyewe. Wengi watakupa jina la akaunti yao ili uwataje.

Siku inapokwisha

Anza kutoka kabla ya msongamano wa mwisho, au subiri kidogo baada yake. Pale ukumbini huwekwa kaunta za kutuma vifurushi, kwa hiyo vitabu vizito vinaweza kutangulia hotelini badala ya kukuvunja bega ndani ya treni. Takataka zako ondoka nazo. Ukiwa hotelini, pima uzito wa mizigo mapema kabla ya uwanja wa ndege, maana karatasi ni nzito kuliko inavyodhaniwa.

Kisha soma ulivyonunua, na umwandikie mtunzi. Nyuma ya kitabu, kwenye ukurasa wa mwisho, kuna anwani yake ya mtandaoni. Mistari mitatu inatosha: ulikotoka, kilichokugusa, ukurasa uliourudia. Programu za kutafsiri zitakusaidia. Mtu aliyekesha miezi akichora kitabu cha nakala mia, akasikia kimesomwa Dodoma au Kisumu, amepata malipo ambayo yeni 500 haziwezi kumpa. Usijiambie kwamba barua yako haina uzito.

Na kama wewe mwenyewe unachora, usiishie hapo. Maombi ya meza hufunguliwa takriban nusu mwaka kabla, huchaguliwa kwa bahati nasibu, na vikundi kutoka nje ya Japani vimewahi kupata nafasi. Tuna wachoraji wa katuni wenye mikono mizuri Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma, na tuna visa ambavyo hakuna aliyevichora. Nenda mara ya kwanza ujifunze jinsi meza inavyopangwa, bei zinavyoandikwa, kitabu kinavyofungwa. Mara nyingine ukae upande wa pili wa meza, na kikopo chako cha chenji.